'To' au '-ing'? Jibu kwa msomaji aliyechoka kukariri orodha

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Ninaomba kazi kwa barua za Kiingereza. Rafiki yangu alisoma barua ya mwisho akazungushia duara sehemu nne: 'I look forward to hear from you', 'I enjoy to work with people', 'I suggested him to change the system', na 'I stopped to teach two years ago'. Nilipomuuliza sababu, alinitumia orodha mbili za vitenzi, moja ya vinavyofuatwa na 'to', nyingine ya vinavyofuatwa na '-ing', akaniambia nikariri. Nimekariri, nimesahau, nimekariri tena. Je, hakuna kanuni? Na kwa nini mimi ninayeandika Kiswahili bila shida nishindwe na jambo dogo kama hili?"

Marahaba. Nianze na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua la kwanza.

Unakwama kwa sababu Kiswahili kimekuzoesha raha. Sisi tuna "ku-" moja tu, na inafanya kila kazi. Unasema "nataka kuogelea", "nafurahia kuogelea", "kuogelea kunanichangamsha", "kuogelea kwake kunapendeza", na neno halibadiliki hata herufi. Wataalamu wetu wa sarufi waliliita umbo hili kitenzi-jina, na jina hilo limesema ukweli wote: ni kitenzi, maana kinaweza kuwa na yambwa wake, yaani kitu kinachotendwa (kusoma kitabu), na ni jina, maana kina ngeli yake na upatanisho wake (kwake, kunapendeza). Mtu mmoja, kofia mbili, na hakuna anayemwuliza leo amevaa ipi.

Kiingereza kinauliza. "I want to swim", lakini "I enjoy swimming". Na ipo kofia ya tatu ambayo orodha za rafiki yako hazikuitaja: "I must swim", kitenzi kitupu bila chochote. Kwa hiyo kila unapofikiri "ku-", Kiingereza kinakutaka uchague kati ya vitu vitatu, na lugha yako ya kwanza haijawahi kukufundisha kuchagua. Usijilaumu. Ila pia usiamini kwamba Kiswahili hakina msaada hapa, kwa sababu kinao mwingi, na ndio nitakaoutumia.

Orodha nazo si za kutupa. Tatizo lake ni kwamba zinakupeleka moja kwa moja kwenye kitenzi, wakati mara nyingi jibu limekwisha kupatikana kabla hujakifikia. Mimi huanza na swali jingine: ni neno gani limesimama mbele ya hiyo "ku-"?

Kama ni kihusishi, mjadala umekwisha. Baada ya "in", "on", "at", "of", "for", "by", "without", "before", "after", "instead of", Kiingereza kinadai "-ing". Maana ya sentensi haijalishi, wala wakati wa tendo, wala hisia zako. "Kabla ya kuondoka" ni "before leaving". "Bila kusema neno" ni "without saying a word". "Badala ya kulalamika" ni "instead of complaining". Tazama jozi hii, ambayo kwa Kiswahili ni kitu kimoja: "I am able to work alone" na "I am capable of working alone". Zote mbili ni "naweza kufanya kazi peke yangu". Kilichobadilisha umbo ni kale ka-"of" tu. Kwa mwandishi wa barua za kazi hii ni habari njema, kwa kuwa barua hizo zimejaa vihusishi: "responsible for keeping records", "experience in managing stock", "interested in learning", "good at solving problems". Ukishika kanuni hii moja umeokoa nusu ya barua. Kuna kighairi kimoja unachokutana nacho kila siku, nacho ni "about to", kama "I was about to leave", yaani nilikuwa karibu niondoke.

Sasa tuje kwenye mtego uliokunasa, ule wa "look forward to". Kiingereza kina "to" mbili zinazoandikwa sawa na kutamkwa sawa. Moja ni ile inayotangulia kitenzi: "want to go". Nyingine ni kihusishi halisi, ndugu wa "for" na "at", ile iliyomo katika "I went to the market". Hii ya pili, kwa kuwa ni kihusishi, inafuata sheria ya vihusishi: "-ing" baada yake. Na "look forward to" inatumia hii ya pili.

Utazitofautishaje? Weka "it" mahali pa kitenzi uone kama sentensi inasimama. "I look forward to it" inasimama vizuri kabisa. "I want to it" inaanguka. Inaposimama, "to" ni kihusishi, na kitenzi kitakachofuata kitavaa "-ing": "I look forward to hearing from you". Jaribu na "I object to it", "I am committed to it", "I am used to it". Zote zinasimama, basi "I object to paying twice", "I am committed to improving the service", "I am used to working at night". Jaribu na "hope", "plan", "decide", zote zinaanguka.

Hiyo "used to" inastahili kusimama kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo mimi mwenyewe niliaibika. Nikiwa mwanafunzi niliandika kwa majivuno "I am used to wake up early". Mwalimu akapiga mstari mwekundu chini yake bila maelezo, nami nikakaa miaka nikiamini kosa lilikuwa kwenye "wake up". Kumbe kuna "used to" tatu. "I used to wake up early" ni "zamani nilikuwa naamka mapema", na inadokeza kwamba siku hizi siamki. "I am used to waking up early" ni "nimezoea kuamka mapema". Na "this key is used to open the gate" ni "ufunguo huu unatumika kufungua lango". Kwa Kiswahili hutazichanganya hata ukiwa usingizini: zamani nilikuwa, nimezoea, unatumika. Basi kabla hujaandika, jisemee kwanza kwa Kiswahili ni ipi kati ya hizo tatu unayoitaka.

Mahali pengine ambapo jibu hupatikana mapema ni mwanzo wa sentensi, "ku-" inapokuwa kiima. "Kusoma usiku kunanichosha" ni "Reading at night tires me". Ungeweza kuandika "To read at night tires me", na hakuna mahakama itakayokufunga, lakini inasikika kama hotuba ya karne iliyopita. Kwenye kiima tumia "-ing" uendelee na maisha. Ukitaka "to", isukume nyuma na uanze na "it": "It is important to arrive early".

Na mahali pa tatu ni kwenye lengo. Kama unaweza kutia "ili" bila kuharibu maana, Kiingereza kinataka "to". "Nimekuja kukuona" ni "nimekuja ili nikuone", basi "I came to see you". Waswahili wengi, wakisukumwa na "kwa ajili ya", huandika "for to see" au "for seeing". Barua yako ya kazi haitakiwi kuanza "I am writing for applying". Ni "I am writing to apply". "For" pamoja na "-ing" hueleza kazi ya chombo, kitu hiki ni cha nini: "a knife for cutting bread". Kilichokuleta wewe ofisini hakielezwi hivyo.

Hadi hapa hatujagusa orodha hata kidogo. Sasa tunazigusa, kwa sababu zipo sentensi ambazo mbele ya "ku-" hakuna kihusishi wala lengo, kuna kitenzi kingine tu: "nataka ku-", "nafurahia ku-", "niliamua ku-", "naepuka ku-". Hapa ndipo watu wanapoambiwa wakariri.

Kabla ya kukariri, tazama maumbo haya yametoka wapi. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya takriban mwaka 1100, kitenzi kisicho na nafsi kilikuwa na mwisho wake chenyewe na hakikuhitaji "to". Neno "to" lilikuwa kihusishi cha mwelekeo, la kuonyesha unakokwenda, na lilipowekwa mbele ya kitenzi lilibeba maana ya kuelekea tendo. Miisho ile ya kale ikadondoka na "to" ikabaki ikifanya kazi ya alama, lakini harufu ya mwelekeo haikuisha. Kwa upande mwingine, "-ing" ilikuwa kiambishi cha kuundia nomino, kama sisi tunavyounda "masomo" kutokana na "soma". Ikakua, ikaanza kubeba yambwa kama kitenzi, lakini moyoni ikabaki nomino.

Ndiyo maana mwanaisimu wa Marekani Dwight Bolinger alipoandika kuhusu jambo hili mwaka 1968 aliona kwamba "-ing" hulichukua tendo kama kitu kilichopo tayari, unachoweza kukigusa, ilhali "to" hulichukua kama jambo linalowezekana tu, lililo mbele. Ukitaka, kukusudia, kuahidi, kutumaini, kuamua, kupanga, unatazama tendo ambalo bado halijawa: want, intend, promise, hope, decide, plan, zote na "to". Ukifurahia, kumaliza, kukana, kukiri, kuacha, tendo lazima liwepo kwanza, au liwe limekuwepo, ndipo ulifanye hivyo. Huwezi kumaliza kisichoanza. Enjoy, finish, deny, admit, give up, zote na "-ing".

Maelezo haya ni mazuri, ila kichwani mwa mtu anayeandika barua usiku yanaelea. Kwa hiyo nakupa kipimo cha Kiswahili ambacho nimekitumia darasani kwa muda mrefu. Chukua sentensi yako ya Kiswahili, ondoa "ku-", weka mahali pake umbo lenye mwisho wa "-e" au lenye "-ta-". Nataka nisome: imekubali. Niliamua niende: imekubali. Natumaini nitafaulu: imekubali. Aliahidi atakuja: imekubali. Walikubaliana wakutane: imekubali. Zote kwa Kiingereza ni "to": want to read, decided to go, hope to succeed, promised to come, agreed to meet.

Sasa jaribu hizi. "Nafurahia niimbe." "Nimemaliza nisome." "Alikiri aibe." "Naepuka nichelewe." "Niliahirisha nisafiri." "Nimeacha nivute." Sikio linakataa zote, na linakataa kwa nguvu. Kwa Kiingereza zote ni "-ing": enjoy singing, finished reading, admitted stealing, avoid being late, postponed travelling, gave up smoking. Sikio lako la Kiswahili linajua tofauti hii. Lilikuwa halijaombwa ushahidi tu.

Kipimo chochote kina mahali kinapovuja, na hiki kinavuja pande mbili. Upande wa kwanza ni "suggest", "recommend" na "consider". "Napendekeza twende" inakubali "-e", kwa hiyo kipimo kingekupeleka kwenye "to", nawe ungeandika "I suggest to go". Hapana. Ni "I suggest going", "I recommend waiting", "I am considering moving". Hivi vitatu huviona kama kuweka wazo mezani: likishakuwa mezani ni kitu, na kitu huvaa "-ing". Upande wa pili ni "manage", "fail", "learn", "pretend" na "tend". "Nilishindwa nifungue" haisemeki, lakini Kiingereza ni "I failed to open". Hapa tendo liko mwisho wa juhudi, kama shabaha mbele ya mpigaji: managed to open, learned to drive. Ukikariri hivi vinane, umekariri vichache kuliko orodha ya rafiki yako, na umevikariri ukijua ni vya nini.

Ninapofika hapa darasani huwa naulizwa kuhusu "like", "love", "hate", "begin", "start" na "continue". Hivi vinakubali yote mawili na tofauti ni ndogo mno kukunyima usingizi. "I like swimming" ni raha ya kuogelea; "I like to check the doors before I sleep" inaelekea zaidi kwenye utaratibu niliojichagulia, hata kama kukagua milango hakunifurahishi. Ukiandika "would like", ni "to" tu. Na usipange "-ing" mbili mfululizo: "it is starting to rain" hupendeza kuliko "it is starting raining". Tuendelee.

Kuna kundi jingine ambalo halitaki haraka, la vitenzi vinavyokubali yote mawili lakini vikabadili maana. Hapa kosa halionekani kama kosa. Sentensi inakuwa sahihi kabisa, ila imesema jambo ambalo hukulikusudia.

Cha kwanza ni chako: "stop". "I stopped teaching" ni "niliacha kufundisha". "I stopped to teach" ni "nilisimama ili nifundishe", kama mtu aliyekuwa anapita njiani akaona watu wanahitaji somo. Kipimo cha "ili" kinatosha hapa, na kinafichua siri: "stop" ni kitenzi cha "-ing" siku zote, na ile "to" inayoonekana baada yake ni ya lengo, haina uhusiano nacho zaidi ya ujirani.

"Remember" na "forget" ni habari ya kipi kilitangulia. "I remembered to lock the door": kumbukumbu ilitangulia, kisha nikafunga. "I remember locking the door": nilifunga kwanza, na sasa picha ya kufunga iko kichwani. Kiswahili husema "nilikumbuka kufunga mlango" kwa ya kwanza na "nakumbuka nilifunga mlango" kwa ya pili. Umeona? Ile ya pili tunaipa wakati uliopita kabisa. Kila unapojikuta unataka kusema "nakumbuka nili-", Kiingereza kinataka "-ing". Kadhalika "I forgot to pay" ni nilisahau, sikulipa. Na "I will never forget meeting her" ni nilikutana naye na sitasahau. "Regret" hufuata njia hiyohiyo. "I regret telling him" ni "najuta nilimwambia". "We regret to inform you" ni "tunasikitika kukujulisha", na taarifa yenyewe inakuja mbele, kwa kawaida mbaya. Nakuombea usiipate katika majibu ya barua zako.

"Mean" ni zawadi kwa Mswahili, maana sisi tuna maneno mawili kabisa. "I meant to call you" ni nilikusudia kukupigia simu. "This job means waking up at four" ni kazi hii inamaanisha kuamka saa kumi alfajiri. Kukusudia ni "to", kumaanisha ni "-ing". Hakuna cha kukariri zaidi.

"Try" inahitaji utulivu. "I tried to open the window" ni nilihangaika na dirisha, pengine halikufunguka. "I tried opening the window" ni nilifungua bila taabu, nikitaka kuona kama joto litapungua. Katika ya kwanza mtihani ni kufungua kwenyewe. Katika ya pili kufungua ni njia tu, mtihani ni joto. "Go on" nayo: "she went on talking" ni aliendelea kuongea, "she went on to talk about money" ni alimaliza la kwanza akaingia kwenye habari ya fedha.

Halafu kuna "need", inayochekesha. "Ripoti hii inahitaji kuhaririwa." Wengi wanaona "kuhaririwa" wanaandika "this report needs to edit". Hiyo inasema ripoti yenyewe ishike kalamu ihariri. Ni "needs to be edited", au kwa kifupi kinachopendwa, "needs editing". Kitu kisicho na mikono kinapokuwa kiima cha "need", "-ing" hubeba ule mwisho wetu wa "-wa" bila kuuonyesha.

Limebaki duara moja katika barua yako, lile la "I suggested him to change", na chimbuko lake ni tofauti. Hapo kuna mtu wa pili kwenye sentensi: anayesema ni mwingine, atakayetenda ni mwingine. Kiswahili hakitumii "ku-" katika hali hiyo, kinatumia "-e": nataka usome, nilimwambia aje, nilimwomba asubiri, walitushauri tuondoke. Kiingereza kwa kawaida huchukua mtu huyo, kikamweka baada ya kitenzi, kisha "to": I want you to read, I told him to come, I asked her to wait, they advised us to leave. Usiandike "I want that you read", ambayo ni Kiswahili kilichovaa koti.

Lakini "suggest" ilikwisha kutuonya kwamba haifuati msafara. Haikubali mtu kuwekwa katikati kwa namna hiyo. Ukiwa na mtu wa pili, tumia "that": "I suggested that he change the system". Ndiyo, "change" bila "-s", ingawa kiima ni "he". Waingereza wengi huandika pia "that he should change". Cha kufurahisha ni kwamba "that he change" ndiyo nduguye halisi wa "abadilishe" yetu, umbo la kutaka lililobaki katika Kiingereza kama mzee mmoja kwenye nyumba iliyohamwa. Usipomtaja mtu, rudi kwenye "-ing": "I suggested changing the system".

"Make" na "let" ndizo zinazotaka kofia ya tatu. "Alinifanya nicheke" ni "he made me laugh", bila "to". "Aliniacha niende" ni "he let me go". Ajabu ni kwamba "make" ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, "to" inarudi: "I was made to wait". Vitenzi visaidizi kama can, must, should na may navyo havitaki "to": "I must go", kamwe si "I must to go", hata kama "inanibidi kwenda" inakuvuta huko.

Na vitenzi vya kuona na kusikia vinakupa chaguo ambalo Kiswahili kinalijua kupitia "-ki-". "Nilimwona akivuka barabara" ni "I saw him crossing the road": nilimkuta katikati ya kuvuka, na sijui kama alifika ng'ambo. "I saw him cross the road" ni nilimwona alivyovuka, mwanzo hadi mwisho. Shahidi mahakamani angepaswa kuchagua kwa makini. "-ki-" hiyohiyo itakusaidia kwenye "mind": "Je, utajali nikifungua dirisha?" ni "Do you mind my opening the window?", na wengi siku hizi husema "me opening". Ile "my" isikushangaze. Ni "kufungua kwangu" yetu, neno kwa neno.

Turudi kwenye karatasi yenye duara nne. La kwanza ni kihusishi kilichojificha: "I look forward to hearing from you". La pili limeshindwa kipimo cha "-e", kwa kuwa "nafurahia nifanye" haisemeki: "I enjoy working with people". La tatu ni "I suggested that he change the system", ingawa katika barua ya kazi ningemtaja huyo "he" kwa cheo chake, maana msomaji hamjui. La nne, kama kweli uliacha kazi ya ualimu, ni "I stopped teaching two years ago".

Ila hilo la nne lichunguze kabla ya kulisahihisha. Umeniandikia kwamba unaomba kazi, hukusema ya nini. Kama ni ya kufundisha, "stopped" ni neno linaloacha mlango umefungwa, hata likiwa na "-ing" yake sahihi. Kama uliacha ili usome, sema hivyo, na utapata maumbo yote mawili katika sentensi moja: "I stopped teaching two years ago to study full time".